Hognozi wanafanana sana: rangi achana nayo, angalia mkia na hesabu magamba

Wafugaji wa nyoka huku Texas ninakoishi wananitumia sana picha za hognozi, wale nyoka wafupi wanene wenye pua iliyobinuka juu kama ya nguruwe, na swali ni lile lile, huyu ni yupi? Shida ni kwamba wengi wanapiga picha ya mgongo tu halafu wanaanza kunielezea rangi. Jamani rangi achaneni nayo. Hognozi wa mashariki, Heterodon platirhinos, yeye peke yake anaweza kuwa wa njano, wa chungwa, wa kijivu au mweusi tii bila doa lolote, sasa ukianzia kwenye rangi utapotea mapema.

Na vituko vyake pia havikusaidii kitu maana wote wanavyo, wanatanua shingo kama swila, wanafoka, ukiwabana zaidi wanajipindua chali mdomo wazi ulimi nje, wanajifanya wamekufa, na ukimgeuza umlaze vizuri anajipindua tena chali! Mimi hapo ndipo naangalia chini ya mkia, kwa sababu ameshajifunua mwenyewe na sina haja ya kumshika. Wa mashariki mkia wake kwa chini umepauka kuliko tumbo, unaona kabisa pale rangi inapobadilika. Wa magharibi, Heterodon nasicus, tumbo mpaka mkiani ni weusi mzito wenye mabaka ya njano au meupe. Halafu kuna wa kusini, Heterodon simus, pua yake imebinuka sana na mkia kwa chini haujapauka kuliko tumbo, ila huyo Texas hayupo, ni wa North Carolina kushuka Florida, na Alabama na Mississippi hajaonekana miaka mingi, inasikitisha kwa kweli.

Sasa kazi yenyewe iko magharibi, kwa sababu H. nasicus na yule wa Mexico, Heterodon kennerlyi, ukiwaweka pamoja mgongo ni ule ule, tumbo ni lile lile. Hapo shuka kichwani. Nyuma ya lile gamba kubwa la pua kuna vigamba vidogo vidogo vimejazana kabla hujafika magamba makubwa ya paji, vihesabu. Wa Mexico anakuwa navyo 2 mpaka 6, wa magharibi 9 au zaidi. Tumia picha ya simu uikuze, usimng'ang'anie nyoka mkononi, ana meno marefu nyuma ya taya na akikutafuna mkono unaweza kuvimba, hasa kama mikono inanuka panya akadhani ni chakula.

Mbona vitabu vinapingana kuhusu majina yao? Ni kwa sababu zamani hawa wa magharibi wote walikuwa spishi moja yenye nususpishi tatu, nasicus, kennerlyi na gloydi. Kennerlyi alipandishwa kuwa spishi kamili 2003, na hayo magamba ya kichwani ndiyo yalikuwa sehemu ya hoja. Gloydi, aliyepewa jina 1952, alitenganishwa kwa idadi ya madoa ya mgongoni, dume chini ya 32 na jike chini ya 37, wakati nasicus dume anapita 35 na jike anapita 40. Hesabu kuanzia shingoni mpaka usawa wa tundu la haja, mkia usiuguse, na lazima ujue jinsia kwanza la sivyo hesabu haina maana. Wataalamu wengi siku hizi gloydi wanamrudisha ndani ya nasicus na mimi nakubaliana nao, madoa ni ushahidi mwepesi mno wa kumpa nyoka spishi yake.

Jambo jingine, pua isikudanganye ukadhani ni ndugu. Madagascar kuna nyoka wanaoitwa Leioheterodon, yule mkubwa kati yao yupo mpaka Ngazija, nao wana pua ya kuchimbia, lakini ni familia nyingine kabisa, Pseudoxyrhophiidae. Hawa wa Marekani wako kundi la Dipsadidae, wengine wanaliita familia, wengine nusufamilia ya Colubridae. Kuchimbachimba ardhini kutafuta chakula ndiko kumewapa pua moja.

Kwa hiyo ukitaka nikusaidie nitumie picha ya juu ya kichwa kwa karibu, ya mkia kwa chini, na ya mgongo mzima, halafu uniambie alipatikana kaunti gani, maana kwa Texas hiyo peke yake inapunguza nusu ya kazi, kennerlyi ni wa kusini na ule upande wa Trans-Pecos, magharibi kabisa mwa Texas, wa mashariki yuko mashariki. Kama umemnunua, muulize aliyekuuzia asili ya wazazi wake ni wapi, na akikwambia tu "wa magharibi" akaishia hapo, kuza picha vigamba vihesabu mwenyewe kabla hujamtafutia mwenza wa kuzalisha naye.