Maswali ya Wasomaji: Wagombea wa vyama vidogo kwenye ukumbi wa chuo cha umma

SWALI: Wahariri, poleni na kazi. Tuna kikundi cha midahalo katika chuo kimoja cha umma hapa Dodoma. Kampeni zijazo tunataka kuwaalika wagombea ubunge wa jimbo letu ukumbini. Baadhi ya walimu wanashauri tuwaite wa vyama viwili vikubwa tu, maana wengine "hawana watu". Mnasemaje? – Msomaji, Ng'ong'ona

JIBU: Msikubali ushauri huo. Ukumbi wa chuo cha umma umejengwa kwa kodi, na kodi haiulizi mtu kadi ya chama. Muuza nyanya wa soko la Majengo anayekipenda chama kidogo amechangia saruji ya ukumbi ule sawasawa na jirani yake.

Kuna na sababu ya kisheria. Sheria ya vyama vya siasa ya mwaka 1992 inakataza chama kufungua tawi mahali pa kazi au pa kusomea, na ndiyo maana viongozi wa vyuo huwa waangalifu sana wakisikia neno siasa. Mkiwaita wawili mkawaacha watano, mtakuwa mmewapa wawili hao mkutano wa kampeni ndani ya chuo, na hapo hamna utetezi. Mkiwaita wote kwa masharti yaleyale, mnaweza kusimama mbele ya yeyote mkasema hili ni zoezi la elimu. Kwa hiyo barua yenu kwa Makamu Mkuu wa Chuo, nakala kwa mwanasheria wa chuo na mshauri wa wanafunzi, iseme wazi kwamba wagombea wote wamealikwa, na vigezo viambatanishwe.

Vigezo ndiyo moyo wa jambo hili. Viandikwe na kubandikwa kabla ya siku ya uteuzi, wakati bado hamjui nani atapita. Vikiandikwa baadaye, hata viwe vya haki namna gani, kila aliyeachwa ataamini vimeshonwa kwa kipimo chake, na hamtaweza kumthibitishia vinginevyo. Viwili vinatosha: awe ameteuliwa rasmi na msimamizi wa uchaguzi wa jimbo, na awe amethibitisha kwa maandishi siku saba kabla. Msiweke idadi ya wabunge wa chama chake wala wafuasi wake mitandaoni.

Atatokea mtu wa kupendekeza utafiti wa maoni, kwamba aingie mwenye asilimia 15 kwenda juu. Mwulizeni wamehojiwa watu wangapi. Kwa watu 400 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, asilimia 15 inaweza kupanda au kushuka kwa takribani 3.5. Mwenye 13 na mwenye 16 hamwezi kuwatofautisha, halafu mmoja mnampa kiti na mwingine mnamfungia mlango.

Angalieni na kalenda. Uchaguzi wetu ni Oktoba, na mara nyingi wanafunzi wengi wanakuwa bado likizo. Tangazeni mapema mjini, la sivyo mtajaza ukumbi mashabiki wa aliyeleta mabasi mengi. Tiketi zigawanywe sawa kwa kila mgombea, nyingi zibaki kwa wananchi wa kawaida. Na kwa kuwa kampeni hufungwa saa 12 jioni, anzeni saa 9 alasiri.

SWALI: Wakija saba, muda si utaisha kwenye salamu? – Msomaji, Kongwa

JIBU: Hautaisha, ila upigiwe hesabu. Chukua dakika 90. Utangulizi dakika 2 kwa kila mmoja, jumla 14. Maswali matano, kila mgombea dakika moja na nusu kwa swali, jumla 52.5. Kuhitimisha dakika moja moja, 7. Hapo ni 73.5, zinabaki 16.5 za kusoma maswali, makofi, na sekunde 30 za kujibu kwa aliyetajwa jina na mwenzake.

Akiba hiyo huliwa na kipaza sauti. Saba wakipokezana kimoja, mnakuwa na zamu 49 za kuzungumza. Kila kupokezana kukichukua sekunde 10, dakika 8 zimekwenda bure. Kodini vipaza sauti saba na cha mwendeshaji. Mtunza muda akae mstari wa mbele katikati, macho kwa macho na wagombea, si ubavuni mwa mwendeshaji ambako hawamwoni. Awe na kadi ya njano kwa sekunde 15 za mwisho, na nyekundu. Nyekundu ikiinuka, fundi anazima sauti, kwa mheshimiwa na kwa asiyejulikana vilevile.

Viti vipangwe kwa kura mbele ya mawakala. Swali la kwanza lianze na kiti cha kwanza, la pili na cha pili. Kwa kuwa maswali ni matano, viti vya sita na saba havitafungua swali lolote: cha sita kifungue utangulizi, cha saba kifungue hitimisho.

Wakizidi kumi, gawanyeni siku mbili. Urais wa 2020 ulikuwa na wagombea 15. Kwa mpangilio huu wangebakiwa na swali moja tu. Lakini mgawanyo uwe kwa kura. Wawania urais wa chama cha Republican cha Marekani walipogawanywa kwa umaarufu huko Cleveland mwaka 2015, kumi usiku na saba mapema, wale saba walionekana wameshashindwa kabla ya kufungua kinywa. Wa chama kingine kikubwa, Democrats, mwaka 2019 huko Miami waligawanywa kwa kura, kumi kila usiku, na hakuna usiku uliotengwa kwa wasio maarufu.

SWALI: Marekani, wanaojiita walimu wa demokrasia, mbona mdahalo huwa wa watu wawili? – Msomaji, Manyoni

JIBU: Tume iliyoendesha midahalo ya urais tangu 1988 iliundwa na wenyeviti wa vyama viwili vikubwa mwaka 1987. Kuanzia 2000 ikaweka sharti la asilimia 15 kwenye tafiti tano za kitaifa. Mwaka huohuo, tarehe 3 Oktoba, mdahalo ulifanyika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Boston, ambacho ni cha umma. Ralph Nader, mgombea wa chama cha Green, alifika na tiketi ya kutazama tu, kwenye skrini, ukumbi wa pembeni. Akarudishwa mlangoni. Hilo halikuwa na utetezi wowote.

Ross Perot, mgombea binafsi wa urais, aliingia midahaloni 1992 akiwa chini ya asilimia 10 kwenye tafiti za maoni, akaishia karibu 19 ya kura. Jesse Ventura alikuwa wa tatu kwenye tafiti za maoni katika jimbo la Minnesota mwaka 1998. Aliruhusiwa kwenye midahalo, akashinda ugavana kwa asilimia 37. Anayesema "hana watu" anapima kabla watu hawajamsikia.

Mahakama ya Juu kabisa ya huko iliamua mwaka 1998, majaji sita kwa watatu, kwamba televisheni ya umma ya Arkansas ilikuwa na haki kumwacha mgombea asiyeungwa mkono vya kutosha, mradi haikumwacha kwa maoni yake. Wale watatu walilalamika kwamba hapakuwa na vigezo vilivyowekwa kabla.

SWALI: Mgombea mkubwa akisema wadogo wakiwepo haji? – Msomaji, Makulu

JIBU: Asije. Mwaka 1980 Rais Carter wa Marekani alikataa kukaa na John Anderson, mgombea binafsi. Waandaaji hawakuahirisha, Reagan wa Republican na Anderson wakajadiliana Baltimore bila yeye. Mwendeshaji aseme mara moja, mwanzoni, kwamba fulani alialikwa tarehe fulani na hakuthibitisha. Kiti chake kiondolewe, na dakika zake ziende kwenye maswali ya wananchi.