Mwarobaini ni dawa, ila si ya samaki

Tangi langu la kwanza la samaki wa mapambo nililiharibu kwa nia njema. Gapi wangu wanane, wale samaki wadogo wa rangi, walikuwa wamezubaa, mapezi wameyafumba. Nikachuma konzi ya majani mabichi ya mwarobaini nyuma ya nyumba hapa Mwanga, Kigoma, nikatumbukiza. Si tunaambiwa unatibu magonjwa 40? Kesho yake maji yananuka na gapi wote wanaelea. Mti huo una sumu ya kuua wadudu, ndiyo maana wakulima huupiga shambani. Tena jani bichi, hata la mti mwema, likioza humaliza hewa iliyomo majini.

Siku hizi jani la kutia tangini ni la mkungu, mti wa kungu, si mkungu wa ndizi. Nangoja jani lianguke lenyewe, nalikausha mpaka livunjike kwa sauti, nalisuuza, nalimwagia maji ya moto, kisha nalilaza humo usiku kucha ili lizame. Jani moja kubwa kwa lita 40 hivi linatosha. Maji yakigeuka kama chai ya rangi usishtuke, ni tanini, ile dutu kali iliyomo pia kwenye chai. Mpera nao mzuri. Mikungu iliyo karibu na gereji naipita tu, na mti wa kando ya shamba lililopigwa dawa pia. Mkaratusi una mafuta makali, mnyaa una utomvu wa sumu. Utupa ndio kabisa: wazee waliutwanga wakalewesha samaki mtoni, leo wewe uutie kwenye kioo chako?

Halafu sisi wa Kigoma tuna letu. Mtu anavua sikilidi, samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika, anawatandikia majani kwa kuwa kaona picha ya tangi la mtu wa Ulaya. Samaki hao wamezoea maji magumu, yaani yenye madini mengi, na pH (kipimo cha uasidi; ikipanda, asidi imepungua) ya 8.6 hadi 9, chini ni mawe na mchanga. Majani ni ya samaki kama beta na tetra, ambao asili yao ni maji laini. Na bomba letu linaleta maji ya ziwani, yenye madini mengi kiasi kwamba jani litayatia rangi tu, pH isishuke sana. Kwa hiyo beta wangu nawakingia maji ya mvua, baada ya ile ya kwanza kuosha vumbi la bati.

Sikilidi nimewapa mawe, na wale wadogo wanaolala ndani ya makombe ya konokono nimewaokotea makombe ufukweni. Jani hawajawahi kuliona.