Chumba cha santuri kisiwe mraba

SWALI: Shikamoo mzee. Baba aliniachia santuri za taarab na dansi. Nataka kujenga chumba cha kuzisikilizia uani, mita 3 kwa 3, tofali za saruji, bati juu. Fundi anaanza msingi wiki ijayo. Unanishauri nini? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Mzuie fundi kwanza. Kuta zikiachana mita 3, besi ya hezi 57 hivi (mitetemo 57 kwa sekunde) hurundikana; urefu na upana vikilingana, inarundikana maradufu. Gitaa la besi litavuma noti moja, nyingine zimezwe. Jenga 3 kwa 4.2, na dari mita 2.7. Dari usiliache: mvua ya Tanga kwenye bati tupu itafunika udi na fidla zote.

Sponji nyembamba usinunue, haigusi besi. Simamisha marobota ya pamba kwenye kona, yafunike kitambaa. Kisha kaa kitini, mwenzio apitishe kioo ukutani. Popote utakapoiona spika kiooni, ndipo sauti inapogonga ukuta na kukurudia; hapo tundika zulia zito. Gramafoni iweke kwenye rafu iliyofungwa ukutani, mtikisiko wa sakafu usifike kwenye sindano.