Barua kwa mwanangu: shamba la michikichi siliuzi

Ujiji, Kigoma

Mwanangu Mwajuma,

Marahaba. Ujumbe wako nimesomewa na mdogo wako mara mbili, halafu nikanyamaza siku nne nisije nikakujibu kwa hasira. Umeuliza tuuze shamba au uchukue mkopo benki, uache kazi ukasome uzamili wa saikolojia ya ushauri nasaha, kwa kuwa ukimaliza mshahara utapanda na madeni yote yatalipika.

Kusoma, soma. Kazi ya ushauri umezaliwa nayo. Ila hesabu yako siielewi.

Tuseme shirika linakupa milioni moja ya mshahara wa msingi. NSSF, ile akiba ya uzeeni, laki moja. Kodi laki na elfu tatu. Bodi ya Mikopo, kwa ule mkopo wako wa chuo, asilimia 15, yaani laki na nusu. Zinabaki 647,000, hujalipa chumba, hujala. Hapo ndipo uweke na rejesho la benki? Watu wa benki watakwambia sheria inataka ubakiwe na theluthi moja ya mshahara. Sawa, lakini walioitunga hawakuuliza bei ya mchele.

Tena madeni hayafanani. Ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo wa Bodi ilifutwa mwaka 2021, kwa hiyo deni lako la shahada ya kwanza halivimbi tena, linapungua kidogo kidogo. La benki riba inatembea hata ukiwa darasani. Na riba naijua mimi. Nilichukua kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, ninunue dagaa mwaloni Kibirizi, mvua ikapiga siku tatu mfululizo, dagaa wakaoza vichanjani. Jumatatu wakopeshaji wakaja kubeba friji, maji yanachuruzika mpaka barabarani. Wewe ulikuwa chuoni, tukakwambia limepelekwa kwa fundi.

Unasema kazi zipo kambi ya Nyarugusu. Zipo, na wakimbizi wale wanahitaji mtu wa kuwasikiliza. Lakini ni kazi za mkataba, na mkataba unafuata pesa ya wafadhili. Marekani ilipokata misaada mwaka 2025, vijana wenye uzamili wao niliwaona wanashuka hapa mjini, Mwanga, na mabegi. Ukifungua ofisi yako je? Nani hapa Ujiji atatoa elfu thelathini ili aongee? Juzi mama mmoja kanunua mawese nusu lita, akakalia kiti changu saa nzima akilia habari za mumewe. Alipoinuka akaomba nimwongezee kidogo. Nikamwongezea. Huku kwetu, mwanangu, mshauri ndiye anayelipa.

Kwa hiyo kazi usiache. Tafuta chuo kinachofundisha jioni au kwa masafa, ada ulipe kwa awamu, hata ikichukua miaka minne. Na kabla hujajaza fomu, muulize mwajiri wako: nikileta cheti cha uzamili, mshahara unapanda kwa shilingi ngapi? Akisema "tutaona", andika sifuri.

Shamba la baba yako siliuzi, usiniulize tena. Nitakachokupa ni madumu mawili ya mawese kila mwezi, uyauze huko Dodoma kwa bei yenu, pesa iwe ya ada. La kwanza liko kwenye basi la kesho alfajiri. Kifuniko kimelegea, nimekifunga na nailoni. Mpigie kondakta mapema, asililaze.

Mama yako