Umepewa ripoti ya usingizi: majibu kwa wasomaji wa Kigoma

Safari hii nimechagua maswali ya waliokwisha kupimwa usingizi. Wanaonitumia picha ya ukurasa mmoja wa ripoti na neno "nisaidie" siwezi kuwajibu. Niambie umri wako, dawa unazotumia, unavyoshinda mchana, na anayelala karibu nawe anasikia nini. Nimeshaliandika hili mara nyingi.

Shikamoo daktari. Ni mwalimu, miaka 48, Kasulu. Nilipimwa Dar es Salaam, AHI yangu 22. Mke wangu anasema mara 22 kwa usiku mzima si nyingi. Ni kweli?

Marahaba, mwalimu. Si kweli. AHI ni hesabu ya mara pumzi inapokatika au kupungua mno usingizini, na hizo 22 ni za kila saa. Ukilala kwa muda wa saa saba, pumzi yako imekatika au kupungua mno mara 154 hivi, na kila mara ni kwa sekunde 10 au zaidi. Kwa mtu mzima, chini ya 5 ni kawaida, 5 hadi 14 ni tatizo dogo, 15 hadi 29 la kati, 30 na kuendelea ni kubwa. Lako ni la kati, na linatibiwa.

Ila usiishie kwenye namba hiyo. Tafuta palipoandikwa oksijeni: ilishuka hadi ngapi, na ilikaa chini ya asilimia 90 kwa muda gani? Watu wawili wenye 22 wanaweza kutofautiana sana hapo. Kisha angalia ulivyolala. Kama pumzi ilikatika zaidi ukiwa chali, kulala ubavu ni sehemu ya tiba yako. Uliza pia kama ni koo linaloziba au ni ubongo unaosahau kuamuru pumzi, maana tiba zake si moja. Hukutaja presha. Kama unameza dawa za presha na haishuki, mpelekee daktari wako ripoti hii, kwa sababu mambo hayo mawili hufuatana sana.

Nilipewa kifaa nikalale nacho nyumbani Ujiji. Kimesema AHI 3, niko salama. Mbona nakesha mpaka alfajiri? Nameza Valium, kidonge cha kuleta usingizi, ya duka la dawa.

Kifaa cha nyumbani, chenye mpira wa puani na kibanio cha kidoleni, kwa kawaida hakipimi mawimbi ya ubongo. Hakijui kama ulilala au ulikuwa macho ukitazama dari. Kinahesabu matukio na kugawa kwa saa zote ulizokivaa, kwa hiyo anayekesha hupata namba ndogo kuliko hali yake. Kama unakoroma na unasinzia mchana, 3 hiyo haitoshi kukuondolea shaka. Omba kipimo kamili. Kama hukoromi na shida ni kukosa usingizi tu, jua kwamba ugonjwa huo hautafutwi kwa kipimo hiki. Unatafutwa kwa mazungumzo na kwa daftari la wiki mbili: ulipanda kitandani saa ngapi, ulilala lini, uliamka lini.

Sasa hiyo Valium. Inalegeza misuli ya koo, na kwa mwenye pumzi inayokatika inaweza kuongeza tatizo. Mwili huizoea, kisha unataka zaidi. Inaniuma kuona inauzwa bila cheti kama peremende. Hata hivyo, kama umeitumia kwa wiki nyingi usiiache ghafla, unaweza kupata degedege. Ipunguze ukiwa chini ya daktari. Tiba ya kwanza ya kukosa usingizi ni kubadili mazoea: kuamka saa ileile kila siku, kutobaki kitandani ukiwa macho, kupunguza muda wa kujilaza. Inachukua wiki kadhaa. Wengi wanaacha siku ya nne na kurudi dukani.

Saa yangu ya mkononi inasema usingizi mzito ni dakika 40 tu. Nifanye nini?

Ivue ulale.

Mwanangu ana miaka 6, anakoroma na kulala mdomo wazi. Ripoti ni AHI 4. Tumeambiwa chini ya 5 ni kawaida.

Mama, hiyo ni kawaida ya watu wazima. Kwa mtoto, zaidi ya 1 kwa saa si kawaida. Mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo aangalie mafindofindo na nyama za nyuma ya pua. Na mtoto wa hivi huenda asisinzie mchana: anakuwa mtundu, hatulii darasani, tena wengine wanakojoa kitandani. Msimchape kwa hayo.

Navua dagaa Kibirizi. Kipimo cha usiku kimeonyesha nilichukua saa mbili kupata usingizi, nililala asilimia 58 ya muda wa kitandani, na miguu ilikuwa ikirukaruka. Mimi ni mgonjwa?

Ulipimwa wakati gani wa mwezi? Kama ilikuwa kipindi cha giza, usiku usio na mbalamwezi mnapovua, mwili wako ulizoea kuwa ziwani saa hizo, mbele ya taa kali, na kulala asubuhi. Ukiulaza saa nne usiku utagoma. Kwa kawaida tunatarajia asilimia 85 au zaidi, lakini kwa anayelala saa zake. Pia watu wengi hulala vibaya usiku wa kwanza wa kipimo, na nyaya kichwani. Waambie wapimaji kazi yako, wapange kipimo saa unazolala. Kuna jambo moja kwenye ripoti yako ambalo saa za kazi hazilielezi: miguu kurukaruka. Kapime damu na akiba ya madini ya chuma. Na usimeze kidonge cha usingizi kisha ukapanda mtumbwi.

Dereva wa lori, Kigoma hadi Dar. AHI 41. Kuna dawa gani?

Hakuna kidonge cha kumeza leo kikafungua koo lako usiku huu. Tiba yako ni CPAP, mashine inayosukuma hewa kupitia kinyago na kuzuia koo lisizibe. Kabla ya kununua, uliza kama inaendeshwa na betri, kwa siku ambazo umeme unakatika au unalala kwenye gari. Acha pombe ya jioni, punguza uzito. Na kama unasinzia kwenye usukani, usiendeshe mpaka utibiwe. Mwambie tajiri wako leo.