Gitaa likichukua nafasi ya mwimbaji: ushauri wa vifaa kwa mnaoanza

Swali la kwanza ninaloulizwa na vijana wanaotaka kupiga roki ya ala tupu ni hili: "Kaka, ninunue pedali gani?" Anamaanisha vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadili sauti ya gitaa. Huwa silijibu siku hiyo. Namwambia aliyeuliza achomeke gitaa, apige noti moja tu, uzi wa pili, freti ya 12 (vile vichuma vya kwenye shingo ya gitaa), kisha aiache ilie mpaka ife yenyewe. Asiongeze nyingine. Wengi hawavumilii. Sekunde ya pili kidole kinatetemeka kutafuta noti ya kufuata, kwa sababu hiyo ya kwanza imekaa uchi na haina la kusema.

Tatizo lote la muziki huu liko hapo. Mwimbaji ana pumzi, ana maneno, ana namna ya kuanza silabi kwa ukali na kuimalizia kwa mnong'ono. Ukimwondoa jukwaani, kazi yake yote inaangukia gitaa. Sisi tuliokulia kwenye sebene tunajua gitaa linavyoweza kushika wimbo, lakini solo la sebene ni safi na noti zake ni fupi, zinafuatana kama matone. Roki ya ala tupu inataka noti irefuke, ivimbe, igeuke rangi ikiwa bado iko hewani. Kwa hiyo kila kifaa unachotaka kununua kiulize: kinaisaidia noti kuimba, au kinaifunika?

Nitamtumia Joe Satriani, mpiga gitaa wa Marekani wa roki ya ala tupu, kama mfano, kwa sababu vifaa vyake vinajulikana vizuri na kila kimoja kina sababu. Kabla ya kupata jina alikuwa akifundisha gitaa dukani mjini Berkeley, California, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwemo Kirk Hammett aliyekuja kuingia bendi ya Metallica. Mpiga gitaa Steve Vai naye alifundishwa na Satriani, mapema zaidi, huko New York. Albamu yake kamili ya kwanza, ya 1986, aliigharamia kwa kadi ya mkopo. Iliyofuata, ya mwaka 1987, ndiyo iliyomtoa. Nalitaja hili kwa sababu watu huona gitaa linalong'aa kama kioo wakadhani alianzia hapo.

Gitaa lenyewe ni Ibanez la mfululizo wa JS, lililoanza kuuzwa mwaka 1990. Mwili wake ni wa mti laini na mwepesi uitwao baswudi. Miaka ishirini ya kwanza lilikuwa na freti 22, na mwaka 2010 likatoka toleo lenye 24, ambalo kila uzi unapanda oktavu mbili kamili. Kwa mtu anayeimba kwa gitaa, hizo freti mbili ni kama soprano aliyeongezewa ngazi mbili juu. Pikapu zake, yaani vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, ni za koili mbilimbili, aina iliyobuniwa na Seth Lover kwenye kampuni ya Gibson mwaka 1955. Koili moja inasukwa kinyume cha mwenzake na sumaku yake inageuzwa, hivyo mngurumo wa umeme unaoingia kwa pamoja unajifuta huku sauti ya nyuzi ikijumlishwa. Ukiweka distoshoni nzito, ule mkwaruzo wa sauti ya roki, utaona umuhimu wake: distoshoni hukuza kila kitu, na mngurumo wa hertsi 50 wa umeme wetu unakuzwa pamoja na noti yako.

Lakini kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye gitaa hilo hakionekani. Kizungusho cha volyumu kinavutwa juu, na kikivutwa kinaingiza kapasita ndogo kwenye njia ya sauti. Kazi yake ni hii. Kwa kawaida ukipunguza volyumu kwenye gitaa, sauti haipungui tu, inapoteza ukali pia. Inakuwa kama mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi, kwa sababu waya mrefu wa kwenda kwenye amplifaya unazila sauti za juu. Ile kapasita inaziacha sauti za juu zipite hata volyumu ikiwa chini. Unaanza wimbo kwa volyumu ya 4, gitaa linanong'ona lakini kila neno linasikika. Ukifika kwenye kiitikio unafungua mpaka 10, distoshoni inafurika, na hujakanyaga pedali yoyote.

Huhitaji gitaa hilo ili upate uhuru huu. Mimi gitaa langu ni la bei ya chini, nililinunua likiwa limeshatumika. Nilifungua kifuniko cha nyuma, nikapeleka kapasita ya nanofaradi 1 na rezista ya kiloohmu 150, vyote nimevipata Kariakoo kwa pesa ndogo sana, fundi redio akavisolda sambamba kati ya mguu wa kuingilia na mguu wa kutokea wa kizungusho cha volyumu. Dakika kumi. Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani nikipandisha na kushusha volyumu kwa kidole kidogo hadi usiku, nikipiga noti ileile. Nilikuwa nimepiga gitaa miaka sita na sikuwahi kujua kwamba kile kizungusho ni koo. Mpiga gitaa Mwingereza Jeff Beck, aliyefariki Januari 2023, alipiga bila piki, kile kibanzi cha kuchapia nyuzi, kwa vidole vitupu, na kidole chake kidogo kilikuwa hakibanduki kwenye volyumu. Noti zake zilikuwa na mlango wa kuingilia na wa kutokea. Hilo ni zoezi la bure: piga noti volyumu ikiwa sufuri, kisha ifungue taratibu. Utasikia noti isiyo na mwanzo, kama fidla.

Sasa distoshoni, mahali ambapo wengi tunapotea.

Kwa miaka mingi Satriani alitegemea Boss DS-1, kile kiboksi cha rangi ya chungwa kilichotoka mwaka 1978 na bado kinatengenezwa. Ni miongoni mwa pedali za bei nafuu kabisa za kampuni hiyo. Ina vizungusho vitatu tu. Baadaye kampuni ya Vox ikatengeneza naye pedali yake mwenyewe, Satchurator, mwaka 2008. Distoshoni hukata vilele vya mawimbi ya sauti, kwa hiyo mwanzo wa noti na mkia wake vinakaribiana kwa ukubwa. Ndiyo maana noti inaonekana kudumu, na ndiyo maana mkono wa kushoto unaweza kugonga noti bila piki na zikatoka sawa na zilizopigwa. Mtindo wa Satriani umejengwa juu ya hilo. Lakini ukizidisha, mwanzo wa noti unapotea kabisa, na noti isiyo na mwanzo ni kama neno lisilo na konsonanti.

Mwaka jana kijana mmoja alikuja kwenye mazoezi yetu na pedali yake. Alikuwa amejifunza solo nyumbani, vidole viko vizuri kweli. Dramu zilipoanza, akapotea. Tulimwona anapiga, hatukumsikia. Akaongeza geini, yaani kiasi cha distoshoni. Tukazidi kutomsikia, tukasikia mvumo tu. Nikasimamisha bendi.

"Dogo, geini iko wapi?"

"Mwisho, kaka. Nikishusha inakuwa kavu."

Niliinama nikaishusha mpaka alama ikaelekea mahali ambapo kwenye uso wa saa kuna namba 10, kisha nikapandisha sauti ya kati kwenye amplifaya, ile ambayo alikuwa ameiondoa yote kwa sababu chumbani ilimkera. Tukaanza upya. Safari hii noti yake ya kwanza ilipita juu ya matasa ya dramu kama mtu anayeita jina kutoka ng'ambo ya barabara. Akageuka kuniangalia, mdomo wazi. Gitaa lilikuwa lilelile na pedali ileile. Dramu na besi zinachukua juu na chini. Katikati ndipo mwimbaji anapoishi, na wewe ndiye mwimbaji. Ukavu alioulalamikia ni wa chumbani. Kwa sauti ya jukwaani spika inatikisa hewa, hewa inatikisa uzi, na uzi unaendelea kulia wenyewe. Usipange sauti yako ya bendi ukiwa umekaa kitandani.

Kuhusu amplifaya, jambo moja limenifundisha mengi. Mwaka 2012 kampuni ya Marshall walitoa toleo la Satriani la amplifaya yao ya JVM. Riverbu ya ndani, ule mwangwi wa kama ukumbini, ikaondolewa, na mahali pake wakaweka geti ya kuzima kelele, moja kwa kila chaneli. Tafakari uamuzi huo. Mpiga gitaa anayejulikana kwa sauti pana kama bahari anaomba mwangwi utolewe kwenye mashine, apewe ukimya. Noti inahitaji ukimya kabla yake ili isikike ikianza. Upana ataupata kwingine, kwenye dilei, kifaa kinachoirudia noti baada ya muda mfupi.

Na dilei ina hesabu yake. Gawanya 60,000 kwa kasi ya wimbo, unapata milisekunde za pigo moja. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika unakupa 500. Ukitaka mwangwi uangukie katikati ya mapigo na kusukuma mbele, chukua robo tatu ya hiyo, 375. Wimbo wa 96 unakupa 625, na robo tatu yake ni kama 469. Weka marudio mawili au matatu, na yawe chini ya noti yenyewe kiasi kwamba ukiizima dilei ndipo unagundua ilikuwepo. Kama distoshoni yako inatoka kwenye amplifaya, na amplifaya ina matundu ya kutoa na kurudisha sauti huko nyuma, chomeka dilei hapo. Ukiiweka mbele, miangwi yote itaingia kwenye distoshoni pamoja na noti, na vitasagana. Wah, pedali inayolifanya gitaa litamke kama mdomo, mimi naiweka mbele ya distoshoni, na tyuna, kifaa cha kupimia kama nyuzi zimekaa sawa, mbele ya vyote. Mpangilio mwingine jaribu mwenyewe kwa masikio.

Daraja la kuelea, yaani kishikio cha nyuzi chenye mkono wa kutikisa, ni zuri mno mikononi mwa anayelijua. Linakaa kwenye mizani: nyuzi zinavuta upande mmoja, springi upande wa pili. Uzi mmoja ukikatika, mizani inavunjika na nyuzi zote zilizobaki zinapanda. Kama hili ndilo gitaa lako la kwanza na huna la akiba, chukua lenye daraja tuli. Mtetemo ujifunze kwa kidole kwanza.

Nimeacha umeme mwisho, na ndio ulionigharimu kuliko vyote. Nilinunua amplifaya ya mitumba iliyotoka Marekani, nzito, safi, haijakwaruzwa hata kidogo. Nilikuwa na haraka ya kuisikia. Nyuma yake kulikuwa na kibao kidogo: 120V, 60Hz. Sikukisoma. Nilibadili plagi tu, nikachomeka ukutani kwenye 230. Taa iliwaka kwa mwanga mkali kuliko kawaida, nikafurahi, nikanyoosha mkono kuchukua gitaa. Kisha harufu, kama nywele na rangi vikiungua pamoja. Fundi alipoifungua transfoma alinionyesha waya wa shaba uliokuwa umegeuka mweusi mpaka ndani kabisa. Niliweka akiba miezi minane kuinunua, na sikupiga noti hata moja.

Kwa hiyo soma kibao. Kifaa cha 120V kinataka transfoma ya kupunguza umeme, na iwe na uwezo wa wati takriban mara mbili ya zile kifaa kinazokula. Pedali nyingi hula volti 9, na adapta yake iwe na hasi katikati ya plagi. Nyingi za redio zina chanya katikati. Kuna mchoro mdogo wa duara kwenye adapta na kwenye pedali, lazima ifanane. Na ukifika ukumbini, gusa maikrofoni kwa nyuzi za gitaa kabla ya kuigusa kwa mdomo. Pale ambapo waya wa ardhi haukufungwa, nyuzi na maikrofoni zinaweza kuwa na umeme tofauti, na mwili wako ndio utakaoziunganisha. Ukiona cheche, usipande mpaka fundi wa ukumbi arekebishe, hata kama mwenye shughuli anakuharakisha.

Basi, pedali gani? Ya kwanza ni tyuna. Kisha nyuzi mpya, seti mbili, kwa sababu hewa ya pwani inazila. Zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, chini na juu. Kisha distoshoni moja ya kawaida, uishi nayo mwaka mzima. Dilei ije baada ya hapo, na uje nayo mazoezini Jumamosi tuihesabie pamoja.