Maswali ya wasomaji: Shule iko nyuma ya uzio, mbona mtoto hapati nafasi wala basi?

Barua tatu za leo zimetoka kwa wazazi wanaoishi Marekani, kwenye vitongoji vya nje ya miji mikubwa.

Tumepata nyumba ya kupanga, nusu maili tu kutoka shule ya msingi. Dalali anasema watoto wataingia hapo bila shida. Tuweke sahihi?

Subirini kwanza. Anayeamua ni bodi ya wilaya ya shule, yaani eneo linaloendesha shule zake za umma, kwa mpaka iliouchora, wala si ukaribu wa nyumba. Mpaka hufuata barabara kuu, reli au mto. Pengine hupita katikati ya mtaa, nyumba za namba shufwa zikaenda shule hii na za witiri shule nyingine. Jina la mji kwenye anwani ya posta halithibitishi lolote, kwa kuwa mipaka ya posta na ya wilaya za shule haikuchorwa pamoja.

Ingizeni anwani kamili, hadi namba ya nyumba, kwenye tovuti ya wilaya. Kisha ipigieni simu ofisi ya uandikishaji: anwani hii ni ya shule gani mwaka huu na mwaka ujao? Kuna pendekezo la kuchora mipaka upya? Darasa la mtoto wetu limejaa? Swali la mwisho husahaulika sana. Darasa likijaa, hata mtoto aliye ndani ya mpaka anaweza kupelekwa shule nyingine ya wilaya. Ombeni jibu kwa barua pepe.

Bodi imebadilisha mipaka. Binti yangu yuko darasa la tatu na nataka amalizie alipoanzia. Nifanyeje?

Mama, tafuta kwanza kwenye azimio la bodi kipengele cha wanafunzi wanaoendelea. Bodi nyingi huwaacha walio darasa la mwisho wamalize. Wa darasa la tatu mara nyingi huomba uhamisho kama wengine. Kubaki ndani ya wilaya ileile ni rahisi kuliko kuvuka kwenda wilaya jirani, ambako huenda ukahitaji ridhaa ya wilaya zote mbili. Ukuta huo baina ya wilaya una mizizi mirefu: mwaka 1974, katika kesi ya Milliken dhidi ya Bradley iliyohusu Detroit, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa vitongoji vilazimishwe kuingia katika mpango wa jiji wa kuchanganya wanafunzi weusi na weupe.

Dirisha la maombi hufungwa miezi kadhaa kabla ya mwaka wa masomo kuanza, na fomu iliyochelewa huwekwa chini ya rundo. Andaa mkataba wa pango, bili ya umeme, cheti cha kuzaliwa na kadi ya chanjo. Hali ya uhamiaji isikutie hofu: tangu hukumu ya Plyler dhidi ya Doe ya mwaka 1982, shule ya umma haiwezi kumnyima mtoto elimu ya msingi na sekondari kwa kukosa karatasi za uhamiaji.

Uhamisho ukikubaliwa, mara nyingi mtoto hupoteza nafasi ya basi la shule, na mzazi ndiye anayempeleka na kumrudisha mtoto kila siku. Baadhi ya wilaya hutaka uombe upya kila mwaka, na hufuta kibali kwa uchelewaji wa mara kwa mara. Mdogo wake pia haingii kwa kibali hicho. Jaza fomu yake mwenyewe.

Kama mnaishi kwa ndugu kwa sababu mlipoteza nyumba au kodi iliwashinda, achana kabisa na fomu ya uhamisho. Omba kuonana na afisa wa sheria ya McKinney-Vento, inayowalinda wanafunzi wasio na makazi. Kila wilaya lazima iwe naye. Sheria hiyo ya mwaka 1987 inampa mtoto haki ya kubaki shule aliyokuwa akisoma, pamoja na usafiri.

Wametunyima basi: wanasema tuko maili 1.4 kutoka shule, na kikomo cha kupewa basi ni kuanzia 1.5. Lakini kuna barabara ya njia tano za magari. Tunaweza kupinga?

Mnaweza. Msibishanie umbali peke yake, pingeni njia. Ombeni ramani waliyoitumia, kisha itembeeni saa ileile ya mtoto, asubuhi na alasiri. Andikeni kila mahali penye upungufu: njia ya miguu inakatika wapi, kwa futi ngapi, magari yanakata kona wapi, hakuna taa wapi. Pigeni picha.

Kwenye kivuko, hesabuni sekunde. Njia tano za futi 12 ni futi 60. Mwongozo wa taifa wa taa za barabarani hukadiria mwendo wa futi 3.5 kwa sekunde, yaani sekunde 17 hivi. Mtoto anayekwenda futi 3 anahitaji 20. Hesabu ianze pale alama ya mkono kwenye taa ya waenda kwa miguu inapoanza kumweka, maana hapo anayevuka anaruhusiwa kumaliza na aliye kando haruhusiwi kuanza. Muda ukipungua, mwandikieni mhandisi wa barabara: mwongozo huohuo unataka mwendo mdogo zaidi ufikiriwe pale wanapovuka mara kwa mara watu wa polepole.

Kwa wilaya, ombeni tathmini ya hatari ya njia. Wilaya nyingi huweza kutoa basi chini ya kikomo pale njia inapothibitika kuwa hatari, na hapo ndipo picha na sekunde zenu zinapofanya kazi.

Angalieni na uzio. Vitongoji hivi vimejaa mitaa isiyopenya: ua wa shule unaonekana dirishani, lakini mtoto azunguke zaidi ya maili moja kufikia lango la mbele. Geti dogo la nyuma hufuta mzunguko wote huo. Mwulizeni mkuu wa shule ufunguo uko kwa nani na linafunguliwa saa ngapi. Likifunguliwa asubuhi tu, mtoto atarudi kwa barabara ileile ya njia tano, hivyo ombi litaje saa zote mbili.

Wakati mkisubiri jibu, watembezeni watoto kwa kundi: mtu mzima mmoja kwa watoto sita, na kwa wa miaka minne hadi sita, mmoja kwa watatu.